Vali ya Mvuke na Chai Yetu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, pamoja na walimu wetu wapendwa, ufa ninaotaka kuwaeleza uko kiwandani, mahali ambapo karo ya wengi wetu hutoka.

Majani tunayochuma nyumbani hupelekwa katika viwanda kama vile Kebirigo, Tombe na Sanganyi kule Nyamira, au Kiamokama na Ogembo upande wa Kisii. Kiwandani, boila huchemsha maji kwa moto wa kuni. Mvuke wake husafiri kwa mabomba na kupasha hewa joto, na hewa hiyo ndiyo hukausha chai. Aghalabu kikaushio huhitaji hewa ya nyuzi 100 hadi 140, na chai hutoka ikiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi. Joto likizidi, chai huungua. Likipungua, chai huvunda ghalani. Hasara ni ya nani? Ni ya mama aliyebeba kikapu mgongoni, siku ya bonasi ikifika.

Basi, mlinzi wa joto hilo ni vali ya kudhibiti mvuke. Ni kama mfereji, ila haufunguliwi kwa mkono. Kipimajoto husoma joto la hewa, kidhibiti hulilinganisha na joto linalotakiwa, kisha kizibo cha vali huinuliwa au kushushwa kwa nguvu za umeme au hewa iliyoshindiliwa.

Kuchagua ukubwa ndiko kunakowatatiza wengi. Ati kwa sababu bomba ni la inchi mbili, basi na vali iwe ya inchi mbili! La hasha! Huko ni kununua viatu kwa kupima mlango wa nyumba. Vali hupimwa kwa kazi yake. Kipimo chake huitwa Kv, yaani mita za ujazo za maji zinazopita kwa saa moja shinikizo linapopungua kwa bari 1 ndani ya vali. Hebu tuchukue mtambo wa maji baridi unaopoza hewa katika jengo kubwa. Unahitaji mita 5 za ujazo kwa saa, na shinikizo linaruhusiwa kupungua kwa bari 0.25. Kipeuo cha pili cha 0.25 ni 0.5. Gawanya 5 kwa 0.5, upate Kv 10. Kwa mvuke hesabu ni nyingine, kwani mvuke hutanuka, lakini kanuni ni ile ile: anza na kazi.

Vali ikiwa kubwa mno, hufunguka kidogo tu na joto likaruka juu. Inajifunga, joto linaporomoka. Inakuwa kupanda na kushuka mchana kutwa, huku mvuke unaochomoka kwenye upenyo mwembamba ukikila kikalio cha kizibo. Ikiwa ndogo mno, hata ikifunguka yote joto halifiki, na majani yanarundikana.

Wakati wa kuifunga, mambo ni manne. Kwanza, bomba lisafishwe kwanza, takataka zote zitoke. Pili, mshale ulio kwenye vali uelekee mvuke unakokwenda. Tatu, kabla ya vali kuwe na chujio na njia ya kutolea maji yaliyotokana na mvuke uliopoa. Nne, kuwe na vali za mkono pande zote mbili, ili fundi aweze kuitenga akiitengeneza.

Utunzaji nao usipuuzwe. Chujio lisafishwe, pakini iangaliwe isivuje, na kizibo kijaribiwe kama kinasafiri mwendo wake wote. Vali ikifungwa na bomba lililo baada yake likakataa kupoa, mvuke unapenya, na kuni zinateketea bure. Usipime kwa kiganja, ndugu yangu! Saa ya shinikizo ikisoma bari 10, mvuke huwa na nyuzi 184 hivi. Funga mvuke, toa shinikizo, ngoja vali ipoe, ndipo ushike spana.

Nanyi mnaouliza fizikia itawafaa nini, jibu ni hilo. Jembe pekee halitoshi kutupatia chai nzuri. Kiwanda kinahitaji pia mtu ajuaye kupima, naye anaweza kutoka katika darasa letu.