Umeumia mguu? Usirudi mbioni na hasira

Kama wewe hukimbia, unaujua uongo wa kwanza ambao sisi wote hujidanganya nao: "Ni misuli tu, itaachilia." Mimi niliurudia wiki tatu mfululizo. Kila usiku najipaka dawa ya kuchua, kila alfajiri saa kumi na moja niko barabarani, kutoka Kisii mjini kuelekea Keumbu. Wiki ya nne nilirudi nyumbani kwa bodaboda, muundi wa kulia hautaki kuguswa hata na soksi.

Sasa, kabla hujaniambia nilikuwa mjinga, wacha nikueleze kilichokuwa kinanisukuma. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imegoma, na nyumbani nilikuwa nimetangaza kwamba nitatoboa na mbio. Hebu fikiria umewaambia watu maneno kama hayo, halafu mguu unakataa. Unamwambia nani? Mama akiniuliza, "Tata, mbona unachechemea?" (huku Gusii mama humwita mwanawe hivyo, kama anamwita baba yake), nilikuwa nasema kiatu kimebana.

Pia kukulia hapa kuna presha yake. Naftali Temu, aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, ni mtu wa Nyamira. Yobes Ondieki, wa kwanza duniani kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27, mwaka 1993, ni wa Kisii. Margaret Okayo alikimbia New York Marathon mwaka 2003 kwa saa 2:22:31, na rekodi hiyo ikakaa miaka 22 hadi Novemba 2025, ilipovunjwa na nani? Hellen Obiri, Mkisii mwingine, kwa saa 2:19:51. Yaani rekodi imetoka nyumbani ikaingia nyumbani. Ukikimbia kwenye milima hii unadhani miguu yako imeandikiwa tu.

Lakini mfupa hausomi historia. Nilichokuwa nacho ni ufa mwembamba kwenye muundi, ule ambao hauji kwa kuanguka bali kwa kurudia kishindo kilekile mara nyingi. Mfupa ukichapwa na mazoezi huvunjika kidogo kidogo, kisha mwili unaujenga upya ukiwa imara zaidi. Ujenzi huo unahitaji muda na chakula. Mimi niliongeza kilomita karibu maradufu kwa mwezi mmoja. Pumzi ilikubali haraka sana, na hapo ndipo mtego ulipo: moyo na mapafu huzoea mapema, mifupa na kano hubaki nyuma. Unajisikia simba huku fremu inapasuka.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Nilifurahi, nikakimbia tena siku mbili baadaye. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba ufa wa aina hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya wiki za mwanzo. Kwa hivyo shika hii: kama maumivu yametandaa kando ya muundi mzima na yanapungua ukipasha mwili moto, huenda ni misuli na ngozi laini ya mfupa. Kama unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, mahali pamoja, na yanakuamsha usiku, simamisha mbio leo, si kesho, na umwone daktari. Hata eksirei ikiwa safi.

Niliambiwa wiki sita hadi nane bila kukimbia. Za kwanza mbili nililala nikitazama ukuta. Sitazipamba.

Kilichonitoa kitandani ni baiskeli ya binamu yangu, nzito kama jiko la chuma. Ilipofika siku ya kuruhusiwa, nilianza kuendesha taratibu, kwa sababu baiskeli haiupigi mfupa kishindo. Kisha rafiki anayefanya kazi kwenye hoteli moja akanipatia nafasi ya bwawa asubuhi kabla wageni hawajaamka. Kuogelea nilikuwa sijui, nilikuwa nazama kwa mtindo. Lakini maji yanakubeba, mguu unapumzika, pumzi inafanya kazi. Wiki baada ya wiki nikajikuta, bila kupanga, nafanya mambo matatu ya triathloni: kuogelea, baiskeli, mbio. Mchezo huo uliingia Olimpiki mwaka 2000 Sydney, na huko huogelea kilomita 1.5, wakaendesha 40, kisha wakakimbia 10. Ile fupi ni nusu yake: mita 750, kilomita 20, kilomita 5.

Kukimbia kwenyewe nilirudi kama mtoto: dakika moja mbio, mbili kutembea, mara nane, kwenye nyasi, siku moja mbio siku moja hapana. Watoto wa shule walikuwa wananipita wamebeba mifuko wakicheka. Hiyo aibu ndiyo ngumu kuliko maumivu, niamini. Obiri alikaa nje mwaka 2015 akijifungua, mwaka uliofuata akachukua fedha ya mita 5,000 Rio. Si jeraha, najua. Ila mwili uliosimama ni mwili uliosimama, na lazima kuna asubuhi moja alianza polepole kama sisi wengine.

Mwezi jana tukaandaa mashindano yetu, wasee sita, bila namba kifuani. Bwawa la hoteli lina kama mita 20, kwa hivyo tulilivuka mara 38, mtu pembeni akihesabu kwa vizibo vya soda. Baiskeli kutoka Kisii hadi Keroka, ule mji ambao ukivuka barabara umehama kaunti. Halafu kilomita tano upande wa Nyamira, katikati ya majani chai, na hakuna tambarare hata ya kufungia kamba ya kiatu.

Nilitoka kwenye maji wa mwisho. Kwenye baiskeli nikapita wawili, hizo wiki za jiko la chuma zikilipa. Nikaanza mbio wa nne, na huyo wa tatu namwona kabisa, anachoka. Kilomita ya tatu, kwenye mteremko, muundi ukanong'ona. Si kelele. Mnong'ono tu, palepale pa zamani.

Nilitembea. Waliokuwa nyuma wakanipita wote wawili, mmoja akaniuliza, "Bro, uko sawa?" nikasema niko sawa, na safari hii haikuwa uongo sana. Nikamaliza wa sita kati ya sita, nusu natembea, nikala ndizi mbili na kurudi Kisii kwa matatu, baiskeli juu ya keria.

Asubuhi iliyofuata niliketi kando ya kitanda, nikabonyeza muundi kwa kidole kimoja, juu, katikati, chini. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya chinsaga, akauliza mguu unasemaje. Nikamwambia ulinong'ona jana, leo umenyamaza, na kwamba kesho sikimbii.