Fistula ya Uzazi: Siku za Kwanza Zinazoamua

Fistula ya uzazi ni tundu linalounganisha uke na kibofu cha mkojo, au uke na njia ya haja kubwa, ambalo kwa kawaida husababishwa na uchungu pingamizi, yaani uchungu wa muda mrefu ambamo mtoto hushindwa kupita katika nyonga ya mama na upasuaji wa kumtoa ukachelewa au ukakosekana. Kichwa cha mtoto kinapokaa siku 2 au 3 kikiikandamiza nyama laini kwenye mfupa wa kinena, damu huacha kufika sehemu hiyo, nayo nyama hufa. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa akiwa amekufa, hivyo mama huanza kuugua akiwa bado katika msiba.

Tundu hilo, hata hivyo, halitokei papo hapo. Nyama iliyokufa hubaki mahali pake kwa siku kadhaa kabla ya kumeguka, na ndiyo sababu wanawake wengi huanza kuvuja mkojo siku chache baada ya kujifungua, wakati wameshatoka wodini na hakuna tena mkunga wa kuwatazama. Hapo ndipo nafasi kubwa zaidi ya tiba hupotea, na hupotea kwa kukosa kifaa cha bei ndogo kinachopatikana karibu katika kila kituo cha afya: mpira wa mkojo.

Mpira huo, unaopitishwa katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, hukiacha kibofu kikiwa kitupu muda wote, ili kuta zake zisitanuke na kingo za jeraha zipate kukaribiana na kushikana. Mama aliyepitia uchungu pingamizi huachiwa mpira kwa takriban wiki 2 hata kama havuji, ilhali yule aliyekwisha kuanza kuvuja kupitia tundu dogo huweza kukaa nao wiki 4 hadi 6, na baadhi ya matundu hufunga bila kisu. Mpira hufungwa pajani kwa plasta ili usivutwe, na mfuko huwekwa chini ya usawa wa kibofu. Mama hunywa maji mengi, jambo ambalo ni kinyume cha hofu yake, kwa kuwa wanaovuja hujinyima maji wakidhani watapunguza mkojo, kumbe mkojo mzito ndio unaounguza ngozi ya mapaja, kutoa harufu kali na kuziba mpira.

Kwa miaka mingi wapasuaji waliwaambia wagonjwa warudi nyumbani wangoje miezi 3 ili jeraha litulie kwanza. Kees Waaldijk, daktari Mholanzi aliyefanya kazi Katsina, kaskazini mwa Nigeria, aliupinga utaratibu huo, na mwaka 2004 alichapisha matokeo ya wanawake 1,716 waliotibiwa mapema kwa mpira, kwa upasuaji, au kwa vyote viwili, ambapo zaidi ya asilimia 95 ya matundu yalifungwa katika jaribio la kwanza. Matokeo hayo ni ya mikono yenye uzoefu mkubwa, na si kila hospitali itayafikia. Lakini kumwekea mama mpira hakuhitaji bingwa, na kumrudisha nyumbani akivuja bila mpira hakuna utetezi wa kitabibu.

Tiba peke yake haitoshi, kwa kuwa mama anayelowa hawezi kupanda basi na kukaa saa nyingi kati ya abiria bila fedheha, wala mara nyingi hana nauli. Nchini Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wanaowatambua wagonjwa vijijini, na huduma yenyewe hutolewa bila malipo. Wapo pia wanaoburuza mguu kwa sababu mishipa ya fahamu ya nyonga iliumia, nao huhitaji mazoezi ya viungo tangu wiki ya kwanza, sambamba na ushauri nasaha kwa mama na kwa mumewe, ambaye huelezwa waziwazi kwamba tendo la ndoa husubiri miezi kadhaa baada ya upasuaji. Mimba inayofuata hufuatiliwa kliniki mapema, na kadi ya mama huandikwa kwamba atajifungua kwa upasuaji uliopangwa, kabla uchungu haujaanza.