Soda au potasi? Tuchague vizuri kabla ya kutengeneza mazutu ya mawese



Barabara ikifungwa kwa vita, mazutu hupanda bei na mashine ya kusaga mihogo hunyamaza. Ndiyo maana wengi huuliza kama mawese yanaweza kuchukua nafasi ya mazutu. Yanaweza, lakini tujue kwanza jinsi kazi hiyo inavyokwenda.

Mawese ni mazito mno kwa mashine. Ili yawe mepesi, huchanganywa na methanoli, pamoja na magadi makali yanayoharakisha kazi. Magadi hayo ni ya aina mbili.

Soda kostiki ndiyo inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni, na bei yake ni nafuu. Lita 1 ya mafuta safi na mapya huhitaji gramu 3.5 hivi, na mililita 200 za methanoli. Ila huyeyuka polepole, na masimbi yanayobaki chini ya pipa huweza kuganda.

Potasi kostiki huyeyuka upesi, na masimbi yake hubaki majimaji. Lakini uzito wake lazima uwe mara 1.4 ya soda, yaani gramu 5 hivi. Ukibadilisha aina bila kubadilisha uzito, utapoteza mafuta na fedha za kikundi.

Maji ya majivu waliyotumia mama zetu nayo yana potasi, lakini ni hafifu na yamejaa maji. Yanafaa kwa sabuni, si kwa mazutu.

Sasa tuseme ukweli. Mawese mekundu ya kienyeji, hasa yaliyokaa, yana asidi nyingi. Asidi hiyo hula magadi na kuyageuza kuwa sabuni ndani ya pipa. Tena mazutu ya mawese huanza kuganda baridi ikishuka karibu nyuzi 15, kama asubuhi za milimani.

Kuna hatari pia. Methanoli ikinywewa, hata kidogo, hupofusha na kuua, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Magadi huunguza macho na koo.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: familia zinazoishi kambini zisitengeneze mazutu nyumbani. Zitengeneze sabuni: soda kwa sabuni ya kipande, potasi kwa sabuni laini. Soda imwagwe ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda. Wala isiwekwe katika sufuria ya aluminiamu.

Viongozi, kikundi kikitaka mazutu, kiwe na nyumba ya pembeni, mbali na majiko, na mtu aliyefundishwa. Magadi yafungwe kwa kufuli, mahali pakavu, kamwe yasiwekwe katika chupa ya kinywaji. Kila gramu iandikwe mbele ya wote, kusiwe na ugomvi.

Magadi yakimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi mara moja. Mtoto akiyameza, asitapishwe. Akimbizwe kituo cha afya.