Mamba Yupi Huyo?

Ndugu msomaji, tuseme usiku umeletwa ujumbe kambini kwamba mtoto wa jirani ameumwa na mamba. Askari aliyezaliwa pwani atatwaa bunduki akimbilie mtoni, kwani kwake mamba ni yule mnyama wa majini mwenye magamba na mkia wa nguvu. Mwenzake Mganda atashangaa, maana kwao mmamba ni samaki, ambaye wengine humwita kamongo. Wenye ukoo wa jina hilo ni mwiko kumla. Daktari aliyesoma kwa Kiingereza atafikiri ni nyoka, yule koboko wa Waswahili, aanze kutafuta dawa ya sumu. Wote watatu wamesikia neno moja, na dakika za mtoto zinapita.

Tatizo la namna hii lilimshughulisha sana Carl Linnaeus, daktari na mtaalamu wa mimea wa Uswidi. Zama zake majina ya kitaalamu yalikuwa maelezo marefu ya Kilatini, mzigo mtupu kwa mwanafunzi. Mwaka 1753 aliipa mimea majina ya maneno mawili tu, na mwaka 1758 akafanya vivyo hivyo kwa wanyama. Neno la kwanza, lenye herufi kubwa, ni la jenasi, mfano wa jina la ukoo. La pili huitambulisha spishi yenyewe. Basi mamba wa mtoni ni Crocodylus niloticus, kamongo ni Protopterus aethiopicus, na koboko ni Dendroaspis polylepis, iwe Kampala au Tokyo.

Jenasi hukusanywa katika familia, familia katika oda, oda katika ngeli. Siku hizi wataalamu hufuata nasaba, wala si sura. Mamba hafanani na kuku hata kidogo, ila ndugu zake wa karibu walio hai ni ndege, si nyoka! Kamongo naye huogelea kama sato, lakini ana mapafu. Kinamasi kikikauka hujichimbia topeni akalala miezi kadhaa akingojea mvua. Kwa nasaba yu karibu zaidi nasi wanadamu kuliko sato.

Akina mama, mkimpeleka mgonjwa hospitali, msiseme “mamba” tu. Semeni: nyoka mrefu, mwembamba, wa kijivu. Koboko huitwa mweusi na Waingereza, lakini weusi wake umo ndani ya kinywa. Wala msimfukuze ili kumwua. Mtulizeni mtoto, asitembee, mkambebe upesi.