Fahamu: Kwa nini familia nzima huitwa kliniki

Mgonjwa wa shinikizo la damu anaambiwa apunguze chumvi, ilhali isyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, hupikwa na mkaza mwanawe. Tiba ya familia huanzia hapo: nani anapika, nani anashika dawa, nani hasemezani na nani?

Katika Kaunti ya Makueni, Kenya, msingi wa huduma ya aina hiyo upo. Shirika la Africa Mental Health Foundation la Profesa David Ndetei lilishirikisha huko wauguzi, maafisa wa kliniki, wahudumu wa afya ya jamii na hata waganga wa kienyeji katika huduma ya afya ya akili.

Uzamili wa tiba ya familia hudai zaidi: nadharia, kisha saa nyingi za kuhudumia familia chini ya msimamizi. Mazoezi hayo yanastahili kufanyika wodini pia. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014. Kinachohitajika sasa ni hospitali za kaunti kuwaajiri wahitimu wa uzamili huo.