Katuni Ziwafikishie Wakulima Habari za Utafiti

Watafiti wengi wamepanda milima ya Kisii na Nyamira kuchunguza malaria. Wamepima joto, wamehesabu mbu, wamewatoa watu damu, kisha wakaenda zao. Waliyoyapata yameandikwa kwa Kiingereza kigumu chenye majedwali mengi. Aliyetolewa damu hajui damu yake ilisema nini. Deni hilo laweza kulipwa kwa kalamu ya mchoraji wa katuni.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Sehemu kubwa ya nchi ya Wagusii iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ni kinga. Mbu jike wa aina ya anofelesi amwumapo mgonjwa hunyonya vimelea pamoja na damu, lakini hawezi kumwambukiza mtu siku hiyo. Ni lazima vimelea vikomae kwanza mwilini mwake. Joto likiwa nyuzi 25 za Selsiasi, vimelea vya malaria kali huchukua siku 12 hivi kukomaa. Likiwa nyuzi 20, huchukua siku 28 hivi. Na likishuka chini ya 16, havikui tena.

Mbu wengi hawaishi wiki nne. Ndiyo sababu katika miezi ya baridi mbu hufa kabla mzigo wake haujaiva. Lakini joto na mvua vikizidi, mzigo huiva mapema na ugonjwa hulipuka, kama ilivyotokea katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya miaka ya 1990. Hapo hata watu wazima huanguka, kwa kuwa miili yao haikuzoea malaria kama ya wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria.

Mambo hayo yaonekana magumu, lakini yatosha katika visanduku sita vya katuni. Katika vitatu vya kwanza, mbu kijana ananyonya damu, anazeeka, anatembea kwa mkongojo, anakufa na mzigo wake mbichi. Katika vitatu vya pili jua ni kali, na maji yamesimama katika shimo lililochimbwa udongo wa matofali. Mbu yule yule bado ana nguvu, mzigo umeiva, naye anaingia katika nyumba isiyo na chandarua. Msomaji ataelewa mara moja kwa nini mwaka mmoja wa salama si ahadi ya mwaka ujao.

Si jambo geni nchini. Wasomaji wa Taifa Leo walimcheka kwa miaka mingi Juha Kalulu wa Edward Gitau. Katika miaka ya 1980 shirika la CARE lilipeleka katika shule za msingi gazeti la picha lililoitwa Pied Crow, lililofundisha habari za afya na mazingira. Mwaka 1994 Terry Hirst na Davinder Lamba walisimulia kwa katuni, katika kitabu kilichotolewa na Taasisi ya Mazingira, jinsi watu wa kawaida walivyohangaikia makao jijini Nairobi. Na mwaka 2010 likaanza Shujaaz, gazeti la vijana lililogawiwa bure kwa lugha ya Sheng, likiwaonyesha kilimo na ufugaji kupitia kijana wa kubuniwa, DJ Boyie. Mwaka 2012 lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Hata hivyo, picha nayo yaweza kudanganya. Walimu wa afya husimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa ukutani, wakashukuru kwamba kwao hakuna mbu wa ukubwa huo. Kiwe kisa cha kweli au cha kuchekesha, funzo lake ni zito. Mchoro yafaa upelekwe kwanza kwa mama mchuma chai na mzee wa migomba, waulizwe wanaona nini, kisha ndipo upigwe chapa. Mtafiti naye aukague, isije mzaha ukala ukweli. Na maneno yawe ya Ekegusii na Kiswahili, si lugha ya maabara.

Wagusii si wageni wa sanaa. Mawe ya Tabaka yamechongwa na kusafirishwa hadi ng'ambo, na wageni huyasoma bila mkalimani. Basi kila anayefadhili utafiti Kisii na Nyamira atenge sehemu ya fedha zake kwa mchoraji. Karatasi moja ibandikwe zahanati, nyingine shuleni, nyingine katika kituo cha kununulia majani ya chai. Mtu akishajua mbu anahitaji siku ngapi, atajua pia kwamba shimo nyuma ya nyumba yake halifai kungojea kesho.