Kumwogesha Mgonjwa Kitandani

Mgonjwa asiyejiweza asiambiwe, "Nakuja kukuosha." Huku pwani kumwosha mtu mzima ni habari ya maiti, na mithali yasema, "Mwosha huoshwa", mzee akisikia hayo hufadhaika. Heri kusema kumwogesha, au kumpangusa, maana kazi yenyewe ni ya kitambaa, si ya kumwagia maji.

Maji yawe ya vuguvugu. Mgonjwa afunikwe shuka, kifunuliwe kiungo kimoja tu, kipanguswe, kikaushwe, kifunikwe tena, asipatwe na baridi wala haya. Uso hutangulia, pasipo sabuni machoni. Utupu huwa mwisho, kwa maji mapya na kitambaa kingine. Naye akiweza, ajipanguse mwenyewe. Akigeuzwa ubavu, matako na visigino vitazamwe: ngozi iliyogeuka rangi yaweza kuwa mwanzo wa kidonda cha kulalia, wala pasisuguliwe.